Shajara ya Mradi: Wiki 14 kwenye Meza ya Tatu

Wiki ya 1

Tumefika kiwandani Mbale saa mbili asubuhi, wanafunzi sita, mimi, na masanduku mawili ya vifaa. Kiwanda kinakoboa na kuchambua arabika inayoshuka kutoka Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Kahawa inaingia ikiwa bado na gamba lake jembamba, pachimenti kama wanavyoiita hapa. Inakobolewa, inachekechwa kwa ukubwa, halafu inafika kwenye meza ndefu za mbao ambako akina mama wanachambua kwa mkono. Meza ziko saba. Sisi tumepangiwa ya tatu.

Mradi wenyewe ni huu: chuo kinaleta wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne pamoja na kompyuta, kiwanda kinaleta kahawa, wataalamu wake na chumba cha kufanyia kazi. Kwa pamoja tunataka programu ya simu itakayoangalia picha ya punje na kuhesabu zenye dosari, ili vikundi vya wakulima huko juu vijue hali ya kahawa yao kabla ya kupakiwa kwenye lori. Wanafunzi watahesabiwa kazi hii kuwa mafunzo yao ya vitendo. Kwa upande wa pili, wafanyakazi wanne wa kiwanda watasoma nasi akili mnemba kila Jumamosi kwenye maabara ya kompyuta ya chuo: fundi wa mashine, karani wa ghala, mwonjaji wa kahawa, na mchambuaji mmoja atakayechaguliwa na wenzake.

Meza ya tatu ina Mgisu, Mteso, Msabiny, Mgwere, na mama mmoja wa Busia nilikozaliwa mimi. Lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Wanafunzi waliotoka Kampala walishtuka kidogo, maana wamekua wakikisikia kwa askari na madereva wa malori. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na katiba ilikuwa imeshakitaja tangu marekebisho ya 2005. Kwenye meza hii kimefanya kazi miaka mingi kabla ya hapo. Tumekubaliana kwamba mafunzo yote yatakuwa kwa Kiswahili na shajara hii pia.

Mama mkubwa kuliko wote pale mezani, ambaye amechambua kahawa zaidi ya miaka ishirini, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza bila kuinua mikono kwenye ungo wake, "Mwalimu, hiyo mashine yenu ikishajua, sisi tutakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu linalostahili swali hilo. Nimeliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari na nimeacha nafasi chini yake.

Wiki ya 2

Wiki nzima imekwenda kwenye hati ya makubaliano. Wanafunzi walinung'unika kwamba wamekuja kujenga modeli, ile sehemu ya programu inayofundishwa kwa mifano ya picha, na sasa wanasoma vifungu. Niliwaambia vifungu hivi ndivyo vitakavyoamua kama kazi yao itaonekana au itafungiwa kwenye kabati.

Kiwanda kilitaka picha zote ziwe mali yake. Nawaelewa: picha yenye jina la kikundi cha wakulima na idadi ya dosari ni siri ya biashara, mshindani akiipata atajua nani anauza kahawa nzuri. Chuo nacho hakiwezi kumpa mwanafunzi alama kwa kazi asiyoweza kuionyesha. Tuliyokubaliana: jina la kikundi linageuzwa kuwa namba kabla picha haijatoka kiwandani, na orodha ya majina na namba inabaki kwa karani wa ghala peke yake. Picha za punje zinaweza kuchapishwa. Kiwanda kinapewa siku 60 kusoma andiko lolote kabla halijatoka, kisiposema kitu ndani ya siku hizo, andiko linaendelea. Programu itakuwa huru kwa pande zote mbili.

Kuna jambo tulilokaribia kulisahau. Kwenye picha za majaribio, mikono ya akina mama ilikuwa inaonekana, na video moja ilinasa sauti zao wakizungumza mambo ya nyumbani. Sheria ya Uganda ya kulinda data na faragha, ya mwaka 2019, inataka mtu aridhie kabla habari zake hazijakusanywa. Video tumeifuta mbele yao. Tumeandika fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nikaisoma kwa sauti mezani, na kila mmoja akaulizwa peke yake. Wawili walikataa kupigwa picha za mikono, na kukataa kwao kumeheshimiwa.

Wiki ya 3

Wiki ya fundi. Nitaiandika kwa urefu kwa sababu imetufundisha wote.

Tulianza kupiga picha karibu na dirisha, kwenye karatasi ya buluu, simu ikiwa imeshikiliwa na kijiti. Jioni tulipopanga picha kwenye kompyuta tukaona kitu cha ajabu: punje zilezile za sampuli moja, asubuhi zilionekana za kijani kibichi kinachoelekea buluu, alasiri zikawa za manjano. Sasa, punje chachu, ile iliyokaa mno kwenye uchachushaji ikaharibika, inatambulika kwa umanjano na uhudhurungi wake. Kwa hiyo picha zetu za alasiri zilikuwa zimegeuza kahawa nzima kuwa chachu.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza tusahihishe rangi kwa hesabu baadaye. Fundi wa mashine alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono. Akasema, "Mnataka kutibu ugonjwa wakati mnaweza kuuzuia mlangoni." Akatuuliza simu inafanya nini inapopiga picha. Tukamweleza kwamba inapima mwanga yenyewe na kurekebisha weupe yenyewe, ili picha ipendeze. Akatikisa kichwa. "Kwangu mizani inayojirekebisha ili mteja apendezwe, hiyo ni mizani ya wizi."

Kesho yake alikuja na sanduku la plaiwudi, upana wa mkono na kiganja, ndani limepakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Juu ametoboa tundu la ukubwa wa jicho la kamera. Kandokando amezungusha ukanda wa taa za LED za volti 12, unaotumia betri ya sola, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Chini kuna trei yenye vishimo 48 ili punje zisigusane, na kwenye kona amegundisha kipande cha kadi ya kijivu. Kila picha sasa inabeba kipande hicho, na rangi yake ikibadilika tunajua tatizo ni mwanga wala si kahawa. Marekebisho ya simu yamefungwa yote.

Nimewaambia wanafunzi waandike kwenye ripoti zao kwamba sanduku hili ni la fundi. Picha tulizopiga karibu na dirisha, zote, tumezitupa.

Wiki ya 4

Mvua. Lori la kahawa limekwama barabarani siku tatu. Wanafunzi wametumia muda huo kuandika programu ya kukata picha moja ya trei iwe picha 48. Inafanya kazi. Chakula cha wiki ni kikomando, chapati na maharage, asubuhi mpaka jioni.

Wiki ya 5

Tumeanza kuweka lebo, na tumeanza vibaya.

Mpango ulikuwa mchambuaji aangalie punje, aseme jina la hali yake, na mwanafunzi aandike. Majina tuliyokubaliana: nzima, nyeusi, nusu nyeusi, chachu, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, sikio (ile iliyojikunja kama kikombe), na mviringo. Ili kupima uaminifu wa lebo, kila punje inapita kwa watu wawili wasiosikilizana.

Siku ya kwanza kazi ilikimbia mno. Nilifurahi, nikadhani ndiyo ustadi. Jioni tulipolinganisha, watu wawili walitofautiana kwenye punje nyingi kiasi kwamba mwanafunzi anayeshika hesabu alidhani amekosea safu. Hakuwa amekosea. Tulipima mapatano yao kwa kipimo kinachoondoa yale yanayotokea kwa bahati tu, nayo yalikuwa hafifu.

Nilikwenda kukaa na mama yule mkubwa wakati wa chai. Sikumuuliza juu ya lebo, nilimuuliza siku yake ilikuwaje. Akanieleza taratibu kwamba wao hulipwa kwa kilo. Saa moja anayokaa na mwanafunzi kutazama punje moja moja ni saa ambayo mizani yake haisogei. "Mwanangu, nilikuwa nataka kumaliza vyenu ili nirudi kwenye vyangu."

Niliona haya, na nayaandika hapa waziwazi. Kwenye bajeti tulikuwa na fungu la kompyuta, la usafiri, la intaneti, la posho ya wanafunzi. Watu ambao macho yao ndiyo yanayofundisha modeli hawakuwa na fungu lolote. Tulikuwa tumewaandika chini ya "ushirikiano wa kiwanda", kana kwamba ujuzi wa miaka ishirini ni sehemu ya jengo.

Ijumaa tulikaa na meneja. Fungu la kununua kompyuta ya pili tumelihamisha. Kuanzia Jumatatu, anayeweka lebo analipwa kwa siku, kiwango kinacholingana na siku yake nzuri kabisa ya kilo, na kwenye karatasi ya malipo anaandikwa mkufunzi. Wanafunzi watagawana kompyuta moja. Hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Wiki ya 6

Lebo zimetulia. Wanakaa wawili wawili, wakitofautiana punje inawekwa kwenye kibakuli chekundu, na saa kumi jioni meza nzima inajadili kibakuli. Mjadala huu ndio darasa bora nililowahi kuhudhuria. Wanafunzi wamejifunza kwamba tundu la mdudu lenye kingo nyeusi ni la zamani, kwamba punje iliyovunjwa na mashine ya kukoboa ina jeraha jeupe na iliyovunjika mapema ina jeraha lililokwishatiwa rangi. Fundi naye, akisikia hivyo, alikwenda kulegeza mashine.

Jumamosi, darasa la chuoni. Nilitaka wanne wetu wa kiwanda waone kwamba kazi hii ina ndugu hapa nchini. Niliwaonyesha picha za majani ya maharage zilizotolewa mwaka 2020 na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na watafiti wa mazao wa Namulonge: picha 1,295 kwa jumla, makundi matatu tu, majani yenye kutu, yenye madoa ya pembe, na yaliyo mazima. Karani wa ghala alishangaa kwamba idadi ndogo hivyo imetumika kufundishia watu dunia nzima. Nilimwambia idadi haikuwa siri yake. Wataalamu wa magonjwa ndio waliosema jani lipi lina nini. Tukazungumza pia juu ya AirQo, mradi ulioanza Makerere mwaka 2015, ambao vifaa vyake vya kupima hewa vilitengenezwa hapahapa ili vistahimili vumbi na joto letu, vingine vikafungwa kwenye bodaboda vizunguke mjini. Fundi aliniuliza maswali kumi juu ya kifaa hicho na hakuuliza hata moja juu ya programu.

Ukazuka ubishi mzuri wa maneno. Mwonjaji, aliyesoma ng'ambo ya mpaka Kenya, anasema akili unde. Mimi nimezoea akili mnemba ya Watanzania. Mchambuaji wetu alisema wao mezani wanaiita "mwanafunzi wa kwenye simu", kwa sababu anafundishwa na anakosea. Kwenye vitini vya Jumamosi tumeanza kutumia neno lake.

Wiki ya 7

Hakuna kipya. Picha, lebo, kibakuli chekundu.

Wiki ya 8

Modeli ya kwanza. Hatukuanza sifuri: tulichukua mtandao mdogo wa akili mnemba uliotengenezwa kwa ajili ya simu, ambao umeshajifunza kutambua maumbo na rangi kutoka kwenye picha zaidi ya milioni moja za vitu vya kawaida, tukaendelea kuufundisha kwa punje zetu. Kompyuta moja, usiku mmoja.

Asubuhi mwanafunzi alinipigia simu kabla sijanywa chai. "Mwalimu, asilimia 97!" Kwa nyuma nilisikia vigelegele.

Nilifurahi nao, kisha nikawauliza wametengaje punje za kufundishia na za kujaribia. Kumbe walizichanganya zote na kugawa kwa bahati. Maana yake punje za gunia lilelile, zilizopigwa picha saa ileile, zilikuwa pande zote mbili. Modeli ilikuwa inalijua gunia. Tukagawa upya, safari hii kwa magunia: gunia lililofundisha halijaribu. Namba ikashuka sana. Nyuso nazo zikashuka. Niliwapa siku moja ya huzuni.

Sababu moja ilijulikana haraka. Punje iliyokauka vizuri huwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na ikiwa mpya ina rangi ya kijani yenye ubuluu. Ikikaa ghalani inapauka. Magunia yetu ya kufundishia yalikuwa mapya karibu yote, ya kujaribia mawili yalikuwa ya msimu uliopita. Modeli iliziona punje nzima zilizopauka ikaziita chachu. Karani wa ghala alitutolea magunia ya umri mbalimbali, kila moja na tarehe yake, akatuomba msamaha kwa kuchelewa kutufikiria. Sisi ndio hatukumuuliza.

Kosa la pili lilikuwa la punje za mviringo. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana kwa upande bapa. Mara chache inakua moja tu, ikajaa tunda zima, ikatoka duara. Hizi zinatengwa na kuuzwa kwa jina lake, tena kwa bei nzuri. Tulikuwa nazo chache mno, modeli ikaziona za ajabu, ikazihukumu kuwa mbovu. Akina mama waliposikia walicheka mpaka wakaweka ungo chini. Kesho yake tulipewa ndoo nzima ya punje za mviringo.

Wiki ya 9

Namba imerudi karibu na 97, mara hii kwa magunia ambayo modeli haijawahi kuyaona. Nilidhani tumemaliza. Alhamisi tuliionyesha mezani.

Mwonjaji ndiye aliyeanza. Akauliza, "Asilimia 97 ya nini?" Mwanafunzi akajibu, ya punje zote. Mwonjaji akachukua chaki akaandika ubaoni. Sampuli ya kupima kahawa maalumu, ile ya daraja la juu, ni gramu 350. Ndani yake mna punje zaidi ya 2,000. Kiwango cha kahawa maalumu hakiruhusu hata dosari moja ya kundi la kwanza, yaani zile nzito, na dosari kamili za kundi la pili zisizidi 5. Sasa modeli ikikosea punje 3 katika kila 100, kwenye sampuli moja imekosea 60. Akaweka chaki chini. Chumba kilinyamaza.

Halafu mama mkubwa akaongeza lake, na hilo likawa zito zaidi. Akasema makosa hayalingani. Punje moja nyeusi kabisa inahesabiwa dosari kamili, na ni ya kundi la kwanza. Zilizovunjika, mpaka zifike 5 ndiyo dosari moja, na ni za kundi la pili. Modeli ikiita nyeusi "iliyovunjika", mkulima anaambiwa kahawa yake inafaa kumbe haifai, na itarudishwa kutoka mbali. Ikiita iliyovunjika "nyeusi", mkulima ananyimwa bei aliyoistahili. "Huyu mwanafunzi wenu anaona kosa ni kosa. Sisi hapa tukikosea tunajua tumemkosea nani."

Niliwatazama wanafunzi wangu wakiandika, hakuna aliyeinua kichwa. Miaka minne tumewafundisha kupandisha namba moja. Hatukuwahi kuwauliza namba hiyo inamwangukia nani.

Kazi ya siku mbili zilizofuata: tumebadilisha hesabu ya adhabu wakati wa kufundisha, kila kosa lina uzito uliotokana na jedwali la mwonjaji. Na hatutaji tena asilimia. Ripoti sasa inasema: kwa sampuli 10, mara ngapi uamuzi wa modeli, inafaa au haifai, ulilingana na wa meza. Ni namba ndogo kuliko 97 na inamfaa mtu.

Wiki ya 10

Mkuu mmoja wa chuo alikuja na mpiga picha. Alitaka simu ishikwe na mwanafunzi, akina mama wakae nyuma. Nilimwomba tuwapange kama wanavyokaa kazini, akakubali.

Wiki ya 11

Zimebaki punje chachu. Kwenye nyeusi modeli karibu haikosei kabisa. Kwenye chachu inakosea, na tumeshaongeza picha mara tatu bila nafuu. Wanafunzi walitaka mtandao mkubwa zaidi. Nikawaambia kwanza tukaangalie kibakuli chekundu.

Nilikaa jioni moja na mama mkubwa nikamwangalia mikono. Akafika kwenye punje iliyonionekania nzima, labda na umanjano kidogo kwenye mfereji wa katikati. Akaitazama. Akaigeuza. Kisha, kwa ukucha wa kidole gumba, akaikwaruza mgongoni mara moja, akaipeleka puani. Akaitupa kwenye chachu.

"Ulinusa?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama alipumua. Akanipa punje ileile. Niliikwaruza, nikanusa. Siki. Hafifu, lakini siki.

Wiki zote hizi amekuwa akifanya hivyo, upesi kiasi kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Lebo zetu za chachu, nyingi hazikutoka machoni. Zilitoka puani. Tumekuwa tukiidai modeli ione kwenye picha kitu ambacho kwenye picha hakimo, na tungeweza kuiongezea picha laki moja isijue.

Niliwaita wanafunzi wote sita. Kila mmoja akakwaruza, akanusa. Mmoja wao, wa mwaka wa nne, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema andiko lake la kumalizia shahada amelipata.

Wiki ya 12

Tumepitia upya punje zote za chachu. Sasa kila moja ina lebo mbili: ilijulikana kwa macho, au ilijulikana kwa pua. Mama ndiye anayesema. Zile za pua tumeziondoa kwenye mafunzo ya chachu na kuziweka kundi jipya, na modeli ikiona punje inayofanana nazo hairuhusiwi kuamua. Inaandika "sijui, nusa".

Mwonjaji ametuambia ipo mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo baadhi ya punje zilizooza humeremeta chini yake, na mashine kubwa za kuchambua hutumia mbinu hiyo. Tumeiandika kwa ajili ya msimu ujao. Msimu huu tunayo pua.

Wiki ya 13

Tumerudi kwa meneja na ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Nilimsomea swali la wiki ya kwanza kama lilivyo. Tumejadiliana saa mbili. Kilichoandikwa na kutiwa sahihi: kwa msimu huu na ujao programu itatumika kupima sampuli kwenye vituo vya kununulia tu, haitapunguza meza hata moja. Kila punje ambayo simu imesema "sijui" itapelekwa kwa mchambuaji, na muda huo unalipwa kwa kiwango cha mkufunzi. Vituo vitatu vitaajiri mnusaji kutoka mezani.

Ni ahadi ya misimu miwili. Nilitaka ndefu zaidi, sikuipata. Nimeiandika chini ya swali na nimemsomea mama. Akasema, "Misimu miwili inatosha kusomesha mtoto mmoja akamaliza." Kisha akaniomba nakala, nikampa.

Wiki ya 14

Tumepanda mlimani na lori la asubuhi, sanduku la fundi likiwa limefungwa kwa kamba nyuma ya kiti. Kituo cha kununulia ni banda la mabati kando ya barabara, mizani mlangoni. Wakulima walikuwa wamefika tangu alfajiri.

Mzee mmoja alileta gunia moja. Tukachukua sampuli, ikakobolewa kwa kinu cha mkono, ikapangwa trei kwa trei. Simu ikahesabu. Nyeusi hakuna. Zilizovunjika 9. Iliyotobolewa 1. Na "sijui, nusa" 7.

Mama mkubwa, aliyekuja nasi kama mkufunzi, akazikwaruza zile saba, moja moja, mbele ya mzee. Badala ya kuzinusa peke yake alimpa mzee kwanza. Mzee akanusa ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tano akarudisha kichwa nyuma.

"Hii ni ile ya Jumapili," akasema. "Tulikuwa na msiba, ikakaa kwenye maji mpaka kesho yake."

Mwanafunzi aliyeshika simu aliniuliza kwa sauti ya chini mahali pa kuandika hilo, kwa sababu fomu haina nafasi yake. Nikamwambia aongeze safu. Mama akasogea akaangalia kioo cha simu, akasubiri mpaka amemaliza kuandika, halafu akachukua trei inayofuata.